Hodi Bwawani

Scholastica alifunga khanga kiunoni, akaingia bwawani hadi magotini, akaivuta kamba. Kinasa sauti kikatoka kikichuruzika maji. Akakifuta tope kwa kiganja.

"Hodi tena," alinong'ona. "Leo nimepika mlenda, nimekula peke yangu." Kisha akakizamisha.

Ndivyo alivyolelewa hapa Tindiga: huingii bwawani bila kubisha hodi. Zamani wanawake walibisha pamoja, wakatega migono ya kunasia samaki huku wakitaniana. Tangu mradi ulipofunga bwawa ili kupima wingi wa samaki kwa sauti zao, kelele ni marufuku na hakuna anayepita. Hata Fausta, jirani aliyekuwa haishi kuja kwake, humwamkia kwa mbali, maana Scholastica ndiye mlinzi. Sauti za samaki zikitosha, bwawa litafunguliwa na watu watarudi. Hilo tu ndilo analolingoja mjane huyu.

Pikipiki ikaingia. Alikuwa Godfrey, kijana wa ofisi ya mradi kule Kilosa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Majibu vipi?"

Godfrey alimvalisha hedifoni. Scholastica akasikia kambale wakikoroma, halafu sauti yake mwenyewe ikimwita marehemu mumewe: "Valentino, tangu ufe hata chumvi haniombi mtu."

Akazivua haraka. Aliona aibu mpaka machozi yakamlenga.

"Kila rekodi umo, mama. Bosi kasema zote hazifai. Bwawa litabaki limefungwa msimu mwingine."

"Si ulisema kinasikiliza samaki tu?"

Godfrey akakuna kichwa. "Nilikuwa nakurahisishia."

"Na hao kambale wanaokoroma?"

"Nawasikia. Ila ndo utaratibu, mama. Mi mwenyewe sina la kufanya."

"Bosi wako kashawahi kufika hapa?"

"Yuko bize."

Bosi hajawahi kulowesha hata kiatu bwawani, lakini neno lake ndilo linalosimama. Godfrey akabadilisha betri, akamsihi awe kimya kabisa, akawasha pikipiki.

Vumbi lilipotulia, Scholastica aliingia majini akaivuta kamba. Safari hii hakunong'ona.

"Hodi, bosi! Shikamoo, kama umenizidi umri. Samaki wapo. Waliokwisha ni watu. Njoo ule kwangu, nakaa peke yangu."

Akangoja aitikiwe. Kisha akakizamisha kinasa sauti, akarudi nyumbani kuwasha moto.