Paneli Mpya za Gari la Karekezi

Mackrine alianza na mlango wa dereva, kama alivyozoea. Alifungua skrubu za kitasa, akachomoa waya za swichi ya vioo, akapenyeza kipande cha plastiki kwenye ukingo wa paneli na kuzinyanyua klipu moja baada ya nyingine mpaka paneli nzima ikabaki mikononi mwake. Nyuma ya paneli palikuwa na vumbi jekundu na maganda ya karanga. Akapangusa, akapachika paneli mpya, akaigonga kwa kiganja hadi klipu zote zikakaa.

Paneli hizo zilikuwa za rangi ya maziwa. Mwenye gari, Karekezi, mnunuzi wa kahawa anayejulikana kuanzia Ihanda hadi mpakani Murongo, aliziagiza kutoka Uganda ili zifanane na viti. Za zamani hazikuwa mbaya, alisema, ila mlango wa nyuma wa kushoto unagonga. Unagonga hata gari likiwa limesimama.

Mackrine alikuwa na karakana yake Omurushaka, na milango inayogonga aliijua. Mara nyingi huwa ni klipu iliyovunjika. Alipofika kwenye ule wa nyuma wa kushoto akatoa paneli, akabandua nailoni ya kuzuia maji, akamkuta mwanamke.

Alikuwa amejikunja kuizunguka mashine ya kupandishia kioo, goti moja chini ya reli, tumbo lake kubwa limeegemea bati la nje. Alivaa kitenge cha kijani na kandambili mguu mmoja.

"Shikamoo, dada," alisema mwanamke.

"Marahaba. Umo humu tangu lini?"

"Tangu mvua za masika. Naenda hospitali."

Mackrine akamuuliza kama kioo kikipanda kinamuumiza. Akajibu kwamba amekizoea, kinachomsumbua ni vumbi. Jina lake lilikuwa Ainembabazi, mke wa Novatus wa Ihanda. Uchungu ulimshika asubuhi akimenya ndizi. Mvua ilikuwa imeharibu njia na hakuna bodaboda aliyekubali kubeba mtu wa hali ile. Akajikongoja hadi barabarani, na gari la Karekezi likapita. Lilisimama.

"Alishusha kioo kidogo," Ainembabazi alisema. "Akatazama nguo yangu. Ilikuwa imeloa damu. Akasema viti ni vipya, nisubiri gari linalokuja nyuma. Akaondoa gari."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimeshashika kitasa. Kwa hiyo nikafika hapa mlangoni. Ndani ndiko sikufika."

Mackrine alizikumbuka habari za msiba wa Ihanda. Jirani yake alikwenda kuzika, akarudi akieleza kwamba mama na mtoto walilazwa kaburi moja, pembeni ya kibanja cha migomba. Akamwambia Ainembabazi hivyo, kwa sauti ya chini.

"Nilisikia," alisema Ainembabazi. "Watu waliopanda humu waliyazungumza."

"Nikutoe?"

"Ukinitoa nitakuwa barabarani tena."

Mackrine akanawa mikono, akampigia Karekezi simu. Karekezi akaja kutoka hotelini alikokuwa akinywa chai, akainama, akatazama ndani ya mlango.

"Kumbe ndiye," alisema.

"Shikamoo, mzee," alisema Ainembabazi.

"Marahaba, mama. Poleni na hali." Kisha akamgeukia Mackrine. "Paneli itakaa, naye akiwa humo?"

"Itakaa. Lakini si umpeleke tu? Hospitali si mbali."

"Nitampeleka. Leo nina mzigo unanisubiri Murongo."

"Basi akae kitini mpaka utakaporudi."

Karekezi akavitazama viti. Akapitisha kiganja juu ya kimoja, taratibu, kama mtu anayempapasa ndama.

"Nguo yake bado imeloa," alisema.

Ni kweli, ilikuwa bado imeloa.

Mackrine aliiegemeza paneli mguuni pake. Aliona kwamba akikataa kazi, gari litaondoka na mlango wazi, na barabara ya Murongo ina vumbi la kumfukia mtu. Akachuchumaa, akamuuliza Ainembabazi anataka afanyiwe nini.

"Funga," alisema. "Ila niachie pa kupumulia."

Mackrine akapanua tundu la spika kwa kisu, akaacha kuiweka spika, akafunika kwa wavu mtupu. Akajaza sponji mgongoni mwa Ainembabazi na chini ya goti, na nguo laini pale tumbo linapogusa bati. Paneli ikakaa vizuri. Mlango haukugonga tena, maana kilichokuwa kikigonga ni kiwiko cha Ainembabazi, na sasa angeweza kusema.

Habari zilienea upesi. Gari liliposimama sokoni Nyaishozi, watu waliacha mikungu yao wakaja kuinamia ule wavu. Walitaka kujua kama marehemu husikia njaa, kama hutambua Jumapili, kama mle ndani kuna baridi. Mwalimu mmoja aliuliza kama huota ndoto. Ainembabazi aliwajibu kwa uvumilivu. Njaa ipo lakini haikui, alisema. Jumapili huitambua kwa sababu gari hunukia pafyumu. Ndoto anayo moja, ya kitanda chenye shuka jeupe.

Novatus alikuja na baiskeli kutoka Ihanda. Alimsalimia mkewe, akampitishia kahawa ya kutafuna katika matundu ya wavu, buni moja moja. Akamuuliza aliweka wapi mbegu za maharage, kwa kuwa alikuwa ametafuta nyumba nzima. Ainembabazi akamwambia ziko kwenye chungu, nyuma ya mlango wa jikoni. Novatus alibaki ameegemea gari mpaka Karekezi alipomwomba asogee. Mbegu alizikuta palepale.

Mkunga mstaafu, Auleria, naye alifika. Aliweka sikio kwenye paneli, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Moyo wa mtoto unapiga vizuri," alitangaza. "Ila huyu hatazaliwa mlangoni. Anangoja kitanda."

Wote wakamtazama Karekezi. Alikubali kwa kichwa, akasema wiki hii imebana, na wote waliona kwamba ni msimu wa kahawa. Hakumficha Ainembabazi wala kumkana. Safarini alimweleza bei za kahawa, akamuuliza kama njia inamtikisa sana. Mwaka huohuo usharika wake ulimchagua kuongoza kamati ya ujenzi wa kanisa, naye akatoa mabati ya paa lote.

Msimu ulipokwisha Mackrine alihitaji vitambaa vya viti kutoka mpakani, akaomba lifti. Alikaa nyuma kushoto, juu ya nailoni ambayo Karekezi aliitandika kwanza. Walipokaribia njia panda ya hospitali alisogea mbele.

"Mzee, pinda hapa. Kahawa imekwisha."

"Tutapita wakati wa kurudi," alisema Karekezi.

Wakati wa kurudi alishika njia nyingine, kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kuonana naye kuhusu msimu ujao. Jua lilikuwa limelala juu ya migomba. Mackrine aliwaza kumwambia asimamishe gari ashuke, akaona kwamba akishuka, Ainembabazi atabaki bila mtu wa kuzungumza naye.

"Dada," sauti ilitoka kwenye wavu, "tumekaribia?"

Mackrine akaweka kiganja kwenye paneli, pale alipokuwa ameweka nguo laini. Mtoto akapiga teke.

"Bado kidogo," alisema.

"Haya," alisema Ainembabazi. "Asante."

Karekezi akabadili gia, na gari likaendelea kupanda mlima.