Ufa Kwenye Taya la Kushoto

Jumatano asubuhi Arlys Tveit alipanda nyuma ya pikapu yake, akapiga magoti juu ya gunia na kuanza kukwangua grisi kuukuu kwenye kiungio, kile kifaa kinachoshika trela. Kazi hiyo aliifanya kila theluji ilipoyeyuka, kabla ya kuivuta trela ambayo ndiyo nyumba yake ya pekee. Grisi ilikuwa nyeusi tii, imejaa mchanga, na grisi yenye mchanga hula chuma kama msasa. Akaifuta kwa tambara lililoloa dizeli, kisha akamulika tochi kwenye mataya, zile pande mbili za chuma zinazoibana pini ya trela isichomoke barabarani. Taya la kushoto lilikuwa limelika, na kwenye mkunjo wake palikuwa na ufa wa urefu wa ukucha.

Marehemu mumewe, Delbert, alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja kando ya pikapu. Tangu mwezi aliozikwa, alikuja kila sanduku la spana lilipofunguliwa na kuondoka lilipofungwa. Arlys alimwekea kahawa kwa mazoea. Haikunywewa wala haikupoa.

"Kuna ufa hapa," Arlys akasema.

"Hilo ni zima," Delbert akajibu.

"Hata hujatazama."

"Ni zima tu."

Alivyokuwa hai ndivyo alivyokuwa marehemu. Katika miaka ishirini na sita ya kuvuta trela hakuwahi kugusa kopo la grisi. Pale kambini Salida, walikoegesha trela, kila mtu anajua kwamba anayeunganisha trela hasalimiwi mpaka amalize, maana salamu moja yatosha kumsahaulisha kufunga taya. Delbert alisalimia mpaka mbwa. Siku moja alinogewa na soga, akaondoa gari mataya yakiwa wazi, na trela ikaangukia kingo za pikapu. Arlys aliwaambia majirani kwamba mabonyeo yale ni ya mvua ya mawe.

Sasa alikuwa na mpaka Ijumaa saa sita mchana kufika ng'ambo ya mlima wa Monarch, kwenye kambi ya msituni alikopewa kazi ya uangalizi kwa majira yote ya joto, na mahali pa kuegesha nyumba yake bure. Akichelewa, nafasi inakwenda kwa mwingine, na yeye hakuwa na pengine pa kuegesha. Njia ni ile moja, inapanda hadi kwenye theluji kisha inashuka kwa kona kali. Taya lile likiachia huko juu, nyumba inakwenda bondeni.

Akaendesha mpaka gereji ya Dewayne. Sanduku la spana lilikuwa wazi, kwa hiyo Delbert naye akapanda.

Dewayne, ambaye siku ya maziko alibeba jeneza upande wa mbele, alimpa Delbert mkono, kisha akausugua wake kwenye ovaroli ili upate joto.

"Mzee Delbert, umepotea wewe."

"Nipo, nipo."

"Taya la kushoto limepasuka," Arlys akasema. "Lile jipya pale rafuni linaingia, nimelinganisha namba."

Dewayne akamgeukia Delbert. "Linakusumbua, mzee?"

"Hilo ni zima."

"Umesikia mwenyewe, mama. Mwenye gari kasema ni zima."

"Mwenye gari ni mimi. Huyu ulimzika wewe, Dewayne."

"Nakumbuka sana, mama. Upepo wa siku ile ulikuwa mbaya. Lakini mtu kavuta trela miaka ishirini na sita, mimi nani nimfungulie kiungio bila ridhaa yake?"

Arlys akamnyooshea tochi. Hakuipokea. Angelibadilisha mwenyewe, lakini taya hukandamizwa kwa mashine, na mashine ilikuwa ya Dewayne. Gereji nyingine ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mlima uleule. Akamwendea Delbert, akainama sikioni kwake.

"Mwambie taya la kushoto limepasuka, alibadilishe."

"Ataona sikulitunza."

"Mwambie, la sivyo sanduku hili silifungui tena maisha yangu yote."

Arlys alisimama akimngoja maiti amalize kulinda heshima yake.

"Taya la kushoto limepasuka," Delbert akasema hatimaye. "Libadilishe."

Dewayne aliichukua tochi papo hapo, akapanda nyuma ya pikapu, akatazama.

"Aisee, ufa huu ungeua mtu. Una jicho, mzee."

"Nimezoea tu," Delbert akasema.

Kufikia alasiri taya jipya lilikuwa limeingia. Dewayne alilijaribu mara tatu kwa pini ya akiba, likabana na kuachia inavyotakiwa. Arlys alikaza boliti zote upya na kupaka grisi mwenyewe, maana hakuiamini ya Dewayne. Kisha akaingia garini. Dewayne akazunguka upande wa abiria, akaegemea dirisha na kushusha sauti.

"Mzee, na mama naye umfundishefundishe mambo haya. Wewe hutakuwepo milele."

"Nimeshaanza kumfundisha," Delbert akasema.

Arlys, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko, akawasha gari.