Mlango wa Mke wa Seremala

"Hivi shoga yangu, wewe ugomvi wako ni na mlango, au na mwenye mlango?"

Jirani aliuliza hivyo siku moja akianika nguo, kelele zilipomchosha masikio. Mke wa seremala akamjibu papo hapo, "Na mlango!" Lakini swali likamganda kama kupe.

Ukweli Mungu aliujua. Tangu binti yao wa mwisho aolewe, seremala maneno yake yote aliyamalizia karakanani. Huko alicheka na wateja mpaka akashika mbavu. Nyumbani alikula, akashukuru, akalala. Ila siku bawaba ya mlango wa jikoni ilipolegea, aliita, "Mama watoto, hebu nishikie huu ubao." Akamshikia. Wakasimama bega kwa bega, na yule bubu akafunguka: mara bibi harusi aliyetaka kitanda kisicholia, mara mzee aliyerudisha kiti eti kinamsinzisha ibadani. Mama wa watu akacheka, akajiona mwari.

Wiki iliyofuata bawaba ikalegea tena. Safari hii ililegezwa kwa kisu cha kukatia vitunguu. Mwenye kisu alitubu kabla ya kulala, na bawaba ilipokazwa, akarudia.

Kusema "nimekukumbuka" kwa mtu unayelala naye kitanda kimoja kulimwia kuzito. Akasema lililo jepesi: "Fundi wa mji mzima, mlango wa mkeo unaning'inia kama jino bovu!"

"Punguza sauti! Wateja wakikusikia, nani ataniamini tena?"

"Si ukaze skrubu!"

"Nimekaza! Au unaniambia mimi si fundi?"

Hapo ndipo walipokuwa wakifika kila mara, kila mmoja na donda lake, wote wawili wakiisingizia skrubu.

Mwisho seremala akameza aibu, akamwita fundi wa kuchomelea. Mama aliporudi sokoni akakuta mlango wa chuma, umeshikana na fremu yake kama pacha.

"Mama watoto, ugomvi umekwisha leo," akatangaza, akiupiga kofi. "Huu hata tembo haung'oi."

Mama akaweka kapu chini. Akalikumbuka swali la jirani, akaona bora aibu ya mara moja.

"Baba watoto, mimi sikutaka mlango."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka uniite nikushikie ubao."

Seremala akamtazama fundi wa kuchomelea aliyekuwa akikusanya vifaa vyake, kisha mkewe, akaangua kicheko. "Ubao? Si ungesema! Karakanani zimejaa tele. Kesho nakuletea mmoja, ushike mpaka uchoke!"

Mama akachukua kile kisu, ncha yake imepinda kwa skrubu, akakilaza mezani mbele ya mumewe. Seremala akaigusa ile ncha, akaacha kucheka.

Mama akajitanda khanga, akausukuma mlango mpya, akatoka. Mlango haukulia hata kidogo.