Mgongo wa Mwezi

Mimi nina hasira za karibu, nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa mbele. Kwa hiyo mtoto wa mume wangu aliposema, "Basi, kesho namwambia mwalimu tunajitoa," nilisimamisha cherehani katikati ya mshono.

Baba yake, dereva wa lori, alikuwa ametoka kupiga simu. Giaboksi imekufa njiani, spea haijafika, Jumamosi hatawahi. Na Jumamosi ndiyo siku ya shindano la shuleni la maswali ya nyota na sayari, mzazi na mwanawe meza moja. Wawili hao walikuwa wakiulizana kwenye simu mwezi mzima, mpaka salio linakata.

"Kwani mimi humu ndani ni kabati?" niliuliza.

Aliniangalia kwa adabu. Hiyo adabu yake ndiyo iliyokuwa ikinimaliza. Miezi kumi tangu niolewe na baba yake, hajawahi kunijibu vibaya wala kuninunia. Shikamoo asubuhi, asante anti jioni, kisha mlango wa chumba chake unafungwa polepole. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na mimi alinipokea kama mgeni ambaye siku moja ataaga. Nilikuwa namtaka yule mtoto awe wangu. Siwezi kulisema kwa namna nyingine.

"Anti, wewe unajua nini kuhusu nyota?"

"Sijui kitu. Lete hizo kadi."

Zilikuwa arobaini, amezikata kwenye maboksi ya viatu, swali mbele, jibu nyuma. Nikaziweka kando ya cherehani. Siku tatu nilishona sare za wauguzi huku midomo ikinichezacheza. Wateja walidhani nasali.

Alhamisi jioni nikamwambia aniulize. Ya kwanza, nikajibu. Ya kumi, nikajibu. Nilipofika ya thelathini bila kukosa, yeye amekodoa macho na mimi kichwa kimenivimba. Kisha akazichanganya kadi kama karata.

"Sayari ipi ni kubwa kuliko zote?"

"Dakika nane!"

"Ulimwengu una umri gani?"

"Zuhura!"

Akanitazama. "Anti, umezikariri kwa mpangilio?"

"Sasa wewe si hukuniambia kwamba utazichanganya!"

Aliangua kicheko mpaka akakaa sakafuni. Sikuwahi kukisikia kicheko chake. Kilikuwa kikubwa kuliko yeye, na kina mikoromo ndani yake. Nami nikacheka, nikatamani kisiishe. Lakini kiliisha. Akafuta macho, akakusanya kadi, akasema taratibu, "Bora tujitoe tu, anti. Watakucheka."

Hasira ilinipanda, halafu ikashuka yenyewe, maana niliona kwamba anaogopa kwa ajili yangu, si kwa ajili yake.

"Panda kwenye stuli," nikamwambia. "Gauni la Jumamosi halijapindwa. Kama ni kujitoa, utajitoa ukiwa umevaa vizuri."

Akapanda, kadi mkononi. Nikapiga magoti, pini mdomoni, nikaanza kubana pindo.

"Kwa nini tunaona upande mmoja tu wa mwezi?" akauliza kutoka huko juu.

"Kwa sababu unajizungusha mara moja katika muda uleule unaotumia kuizunguka dunia," nikajibu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Sawa. Unaelewa maana yake?"

"Hata kidogo."

Akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi. Kama unajizungusha, si tungeuona mgongo wake? Baba alinieleza mara mbili. Nikaitikia tu, asije akachoka na mimi."

Nilisogea kwa magoti, pini moja, nyingine, nikimzunguka huku macho yangu yako kwake, pindo lisije likaenda upande.

"Anti, usisimame! Endelea kuzunguka." Alikuwa ananifuata kwa macho, shingo karibu imkatike. "Ulianza umeupa mlango mgongo. Halafu dirisha. Sasa kalenda." Nikarudi nilipoanzia. "Umegeukia kuta zote nne! Umejizungusha mzima, na mimi kila nikikutazama naona uso tu. Mgongo wako sijauona hata mara moja. Anti, wewe ndiye mwezi!"

"Mwezi wenye magoti mabovu," nikasema, nikitema pini.

Akashuka akiniegemea begani. Miezi kumi, hajawahi kunigusa. Nilijifanya natafuta pini iliyodondoka ili asinione macho.

Hatukujitoa. Jumamosi tulikuwa tumeshakaa meza ya saba wakati mlango wa ukumbi uliposukumwa, na mume wangu akaingia, shati limejaa grisi, ameomba lifti tangu alfajiri.

"Profesa wangu!" akaita.

Nampenda mume wangu, lakini saa ile ningemrudisha kwenye lori lake kwa mikono yangu mwenyewe. Yule bwana amelala chini ya nyota miaka ishirini, anazijua kuliko mitaa ya kwao. Sikusubiri kuambiwa. Nikachukua mkoba, nikasimama.

"Njoo ukae, baba," nikasema.

Mtoto akanishika gauni. "Anti, unaenda wapi?"

"Baba yako amefika."

"Nimemwona."

Akainuka, akaenda kumkumbatia baba yake kwa nguvu mpaka grisi ikamshika shavuni. Kisha akamwonyesha viti vya nyuma. "Kaa pale, baba. Utupigie makofi."

Baba mtu akanitazama, akamtazama bintiye. Akaenda kukaa.

Mtoto aliporudi mezani nilikuwa bado nimesimama. Nikainama sikioni mwake. "Mwanangu, ukiwa na mimi tutashindwa."

"Najua," akasema, akakivuta kiti chake mpaka kikagusana na changu. "Kaa, anti. Wanaanza."