Tiketi ya Jairos Chewe

Goodson alirudi kijijini Kabuta, kando ya ziwa, kutoka mjini Nchelenge akikanyaga baiskeli kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Florent, Mkongo anayekata tiketi za ndege mjini, alikuwa amemwambia bila kuzunguka:

"Mu biye, tiketi yako, banaandika Jairos Chewe. Paspoti yako ni Goodson Mulenga. Vile hautapanda. Unitumie foto ya paspoti mbele ya saa kumi, nibadirishe. Kisha pale, biye inakufa."

Kosa lilikuwa la Memory, dada yake Goodson, kama ni kosa. Memory alikuwa amemtafutia kazi ya kiwanda cha samaki huko bandarini Walvis Bay, nchi nyingine, akamkatia na tiketi. Lakini mwaka jana, mjomba wao Jairos alipofariki, ukoo ulimnywesha Goodson maji, ukamfunga mkanda wa marehemu, ukampa jina lake awe mrithi. Kwa Wabemba jina la mtu halizikwi naye. Tangu siku ile kumwita Goodson ni kumtukana marehemu, na Memory si mtu wa kutukana wafu. Shirika la ndege lingejulia wapi hayo?

Pasipoti aliiacha ndani ya koti nyumbani. Koti alilikuta tupu. Saviour, mtoto wa kuzaa wa Jairos, alikuwa nje kando ya chanja la kukaushia samaki, pasipoti mkononi. Alikuwa na uchungu wake, na mimi simlaumu: katika ukoo ule mpwa hurithi, mwana hutazama. Kijana mwenye ndevu akalazimika kumwita binamu yake "tata", yaani baba. Na Goodson, tuseme kweli, aliupenda ubaba ule kuliko kazi zake.

"Ulikamata jina ya baba yangu," Saviour alisema. "Bwato yake ya kuvulia, nyavu yake, yote. Leo unataka kuwa tena Goodson juu ya kupanda ndege?"

"Leta, Saviour. Saa inaisha."

"Chagula jina moja." Akaisogeza pasipoti kwenye makaa.

Goodson akamrukia. Walianguka juu ya chanja, samaki wakamwagika motoni. Saviour alinyakua kafi akampiga nalo ubavuni, mfupa ukalia. Goodson alimeza damu yake mwenyewe, akamng'ata mkono mpaka vidole vikaachia. Pasipoti ilidondoka mchangani, kona imeungua. Angeiokota akaenda zake, na mambo yangeishia hapo. Hasira hasara. Aliokota kafi, akamshushia Saviour kichwani mara moja, mara mbili, na kwa pigo la tatu Saviour hakuinua hata mkono.

Akaifungua pasipoti kwa vidole vyenye damu, akaipiga picha kwa simu, akaituma.

Régine, mjane wa Jairos na mama yake Saviour, alitoka ziwani mbio, ndoo akaitupa njiani. Alimpakata mwanawe, akaweka sikio kifuani pake, asisikie mapigo. Alipoinua uso hakumlaani Goodson. Alimwita kama alivyomwita tangu msiba.

"Jairos. Baba Saviour. Uliua mutoto yetu."

Simu ikalia. Ilikuwa ujumbe wa Florent: "Iko bien. Biye ya mupya imetoka, Goodson Mulenga. Safari njema."

Goodson aliusoma mara mbili. Kisha akaketi kwenye damu karibu na Régine, akaanza kumlilia Saviour kama mwanawe.