Akiba ya Riyali Kumi

Mwaka huu Bibi Ghanima wa Ibra alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mdogo wake Shukriya, aliyebaki Tabora, aje wakae pamoja hata mwezi. Walikuwa hawajaonana miaka thelathini na moja. Shukriya haoni vizuri siku hizi, hasafiri bila binti yake, kwa hiyo tiketi mbili na viza zilitaka riyali mia tano na ishirini. Wanawe wangetoa, lakini Bibi Ghanima ana kiburi kidogo, nami simlaumu. Mgeni wake alitaka kumleta kwa mali yake mwenyewe.

Mali hiyo ilikuwa albamu ya stempu za Unguja za zamani, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nyumba moja ya mnada huko Firq, kando ya Nizwa, iliikadiria riyali mia sita hivi. Mjukuu wake Tufool, mzaliwa wa Ibra, akamjazia fomu kwenye simu, akimtafsiria kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Bibi, hapa inauliza akiba ngapi."

"Akiba gani?"

"Sijui, yaani akiba tu."

Bibi akadhani watamwekea fedha kidogo kando, kama benki. "Andika kumi. Akiba haiozi."

Tufool akaandika kumi, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika kwa Kiswahili: bibi anasema akiba haiozi. Ada hawakuzijadili. Asilimia kumi na tano ya bei, riyali kumi na mbili za picha, tisa za bima. Na Bibi Ghanima, ambaye wauza samaki wa kutoka Sur wakimwona tu huanza kushusha bei wenyewe, akatia sahihi bila neno, albamu ikapelekwa Firq. Kwake yeye, kilichoandikwa kilikuwa kama hukumu ya kadhi, hakipingwi.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Shikamoo mama. Mimi Muntasir, wa mnadani Firq. Hiyo akiba haiozi ni maneno yako?"

"Marahaba mwanangu. Ni yangu. Kuna kosa?"

"Lipo. Hiyo si pesa ya kukuwekea. Ni bei ya chini kabisa unayokubali kuuza. Umesema mtu akitoa riyali kumi, achukue albamu. Na akitoa kumi, kwa ada zetu zilivyo, wewe ndiye utakayetulipa sisi."

Bibi akakaa chini. "Basi nirudishieni albamu yangu, khalas."

"Kuitoa nako kuna ada, mama." Akacheka kidogo, bila dharau. "Bibi yangu alikuwa wa Pemba, methali hiyo alinilea nayo, ndiyo maana nimepiga. Unataka upate ngapi mkononi?"

"Mia tano na ishirini."

"Basi omba ada zipunguzwe, halafu tuandike bei ya chini mia tano na themanini."

"Kwani zinapunguzwa?"

"Kwa anayeomba. Watu hawaombi."

Hapo Bibi Ghanima akapata uhai. Alidai kuzungumza na mkubwa wa Muntasir, akamuuliza picha ya riyali kumi na mbili ni ya stempu au ya harusi. Simu ilipokatwa, ada za picha na bima zilikuwa zimefutwa, asilimia imeshuka hadi kumi, na bei ya chini imeandikwa mia tano na themanini.

Siku ya mnada bei ilipanda kwenye simu ya Tufool hadi mia tano na sitini, ikasimama. Bibi alishika tasbihi akasahau kuivuta. Kisha mtu mmoja akatoa mia sita na kumi, nyundo ikagonga. Zilimfikia mia tano arubaini na tisa. Kwa ada za mwanzo zingebaki mia nne tisini na saba na nusu, na Shukriya angebaki Tabora.

Bibi alimpigia Muntasir kwanza. Alimshukuru, akamwombea dua yeye, marehemu bibi yake wa Pemba, na watoto ambao kijana bado hajawazaa. Muntasir akaitikia amin mara sita. Mtu asiyemjua alikuwa amesoma maneno yake mawili akamjali. Hilo lilimjaa kifuani.

Kisha akapiga Tabora.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Fungasha, tiketi zipo."

Shukriya akasema, "Nimefungasha tangu siku uliyoitaja hiyo albamu. Kila asubuhi nafungua sanduku, napapasa kama vyote vimo, nafunga."