Maji ya Blanketi la Doriane

Kila kitu cha Doriane kilikuwa ndani ya katoni moja, kasoro blanketi. Gauni mbili za shule, sweta, kandambili zisizofanana rangi, kitenge alichojifunga akicheza mama na mtoto: vyote vilikaa chini ya kitanda vikingoja siku ya kufuliwa. Blanketi, Orpa alilitia kwenye mfuko wa nailoni, akapiga mafundo mawili, akauzika mfuko ndani ya gunia la maharagwe. Hakumwambia mtu. Hata Laurent, mumewe, alikula maharagwe ya gunia hilo miezi tisa bila kujua yanalinda nini.

Kwao Kivu ya Kusini, matanga hayaishi mpaka nguo za marehemu zifuliwe. Wanawake wa ukoo huzifua zote siku moja, huzianika, halafu huzigawa kwa ndugu. Zisipofuliwa, wanasema, marehemu huzungukazunguka mlangoni na wenye nyumba hawapati usingizi. Orpa hakuwa akipata usingizi hata hivyo, kwa hiyo hilo halikumtisha. Kilichomtisha ni sabuni.

Doriane alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikufa mwezi wa tatu, na miaka saba, hapo Rubondo, mtaa wa kambi ya wakimbizi, kwa homa iliyompanda jioni na kumaliza kazi yake kabla ya adhuhuri ya kesho yake. Saa zote hizo alifunikwa blanketi hilo la kijivu, lenye manyoya laini, walilopewa siku walipopokelewa Uganda. Picha yake ilikuwapo moja tu, kwenye simu ya Laurent, na humo kafumba macho. Basi kila Jumapili, Laurent akitangulia kanisani kupanga viti, Orpa alifungua mafundo, akaingiza uso mfukoni na kuvuta pumzi. Mafuta ya nywele, moshi, jasho la mtoto. Alivuta mara moja tu, akafunga haraka, kama mtu anayeogopa kumaliza sukari. Nywele zenyewe zilikuwamo, fupi, zimejisokota ndani ya manyoya ya blanketi. Alijaribu kuzichomoa kwa kucha, zikakatika, akaacha.

Mwezi wa kumi blanketi likaanza kunuka nailoni. Alivuta pumzi Jumapili moja, akavuta tena, akavuta ya tatu. Mtoto alikuwa mbali sana humo ndani.

Juma hilohilo akaja wifi yake, Annonciata, dada mkubwa wa Laurent. Alikaa juu ya kigoda, akahesabu vitu vya katoni kimoja kimoja, kisha akainua macho.

“Mama Doriane, kulikuwa blanketi. Minaikumbuka muzuri. Iko fasi gani?”

“Bameiiba.”

“Nani ataiba blanketi ya mutoto wa kufa?”

Orpa akaanza kurudisha vitu katonini; hata mwizi ana moyo. Annonciata akasema Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili wanawake watakuja kufua, na blanketi lipatikane. Usimdhanie mbaya. Annonciata alizika watoto wawili njiani, wakati wa kukimbia, bila sanduku wala mchungaji, na nguo zao alizifua kwenye kijito kwa mikono yake mwenyewe, akazigawa, akaendelea kutembea. Mtu wa namna hiyo ukimwambia huwezi, anakuona unadeka.

Sasa, Orpa alikuwa fundi wa kufua. Mashuka na mashati ya wafanyakazi wa Base Camp, penye ofisi za kambi, yalipita mikononi mwake miaka minne, na ndiyo sababu Ninsiima alimtafuta. Ninsiima alikuwa mtafiti wa chuo kimoja cha Mbarara, dada mwembamba, mwenye haraka, anayefuata utaratibu kama padri anayefuata misa. Alikuja kupima uchafu ambao jicho halioni. Nguo nyingi za siku hizi, alieleza, si pamba, ni plastiki iliyosokotwa ikawa uzi. Kila ukifua, vinakatika vinyuzi vidogo mno, vinakwenda na maji hadi ziwani, samaki wanavimeza, na sisi tunammeza samaki. Alitaka kujua ni vingapi. Kazi yenyewe ilikuwa ya haki na iliyohitajika, tuseme ukweli. Wanawake wa Rubondo walicheka kwanza, halafu wakaacha kucheka walipokumbuka walichokula mchana.

“Mama Orpa, wewe nafua kama siku zote,” Ninsiima alimwambia. “Lakini hapana mwaga. Hiyo maji iko yangu.”

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ninsiima alikuwa ameajiriwa kuwakosoa wahenga. Alimvika Orpa koti jeupe la pamba, akamkataza kitenge chake cha kung'aa kisije kikaangusha vinyuzi vyake, akamfundisha kusuuza beseni mara tatu kwa maji yaliyochujwa kabla ya kugusa nguo. Kila tone la povu na la suuzo lilimiminwa katika chupa za kioo. Siku moja akamwonyesha jinsi maji yanavyochujwa: karatasi nyeupe ya mviringo, ndogo kama mdomo wa kikombe cha chai, na mashine inayovuta maji chini yake.

“Kitu natoka kwa nguo, yote nabaki hapa juu. Hapana potea. Hata ile ndogo kushinda nywele.”

Mikono ya Orpa ikasimama ndani ya beseni.

“Hata nywele?”

“Nywele iko kubwa sana, nyabo. Hiyo haiwezi pita hapa,” alisema Ninsiima; nyabo ni mama, kwa heshima ya kwao.

Tangu siku hiyo Orpa hakuwaza kitu kingine. Nguo lazima ifuliwe, haya. Harufu ilikuwa inakwenda zake hata ikifungwa mafundo kumi. Lakini kama kuna mahali duniani ambapo blanketi linaweza kufuliwa na kilichotoka kisimwagwe chini, kikabaki chote juu ya karatasi, nywele, ngozi, jasho lililokauka, basi mtoto angebaki. Angebaki mdogo, wa kuwekwa ndani ya Biblia, lakini angebaki. Na Annonciata angepata blanketi lake safi.

Kwa hiyo Ninsiima alipotangaza kwamba anatafuta mablanketi makuukuu ya kupima Mbarara, hasa yaliyotumika na kukaa bila kufuliwa, Orpa alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

“Niko nayo moja. Lakini ile karatasi, nyuma ya kazi, utanipa?”

“Karatasi? Ya nini, nyabo?”

“Yangu tu.”

Ninsiima akacheka. “Nikimaliza kuhesabu, chukua.”

Kuuliza si ujinga, lakini hawa wawili waliuliza nusunusu. Mmoja hakuuliza unaitakia nini kwa kweli. Mwingine hakuuliza mnaifanyia nini kwanza. Swali moja tu zaidi, kwa yeyote kati yao, na mimi nisingekuwa na cha kusimulia.

Jumanne gari la mradi lilimpitia, wakapita Isingiro na migomba yake, Orpa kapakata mfuko mapajani njia nzima. Katika maabara Mbarara alivaa koti, akafungua fundo la kwanza, la pili, akaingiza uso. Ninsiima alidhani anakagua kama blanketi limeoza.

Alianza kulifua polepole, kwa viganja, kama anavyooshwa mtoto kichwa sabuni isimwingie machoni.

“Hapana, nyabo, sugua kama ile zingine. Dakika kumi. Zote lazima sawasawa, ama hesabu naharibika.”

Akasugua. Akasugua dakika kumi, Ninsiima akishika saa, na maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Yalipokuwa yakimiminwa, Orpa aliona unywele mmoja mfupi, umejikunja, ukielea juu ya povu. Aliufuata kwa macho hadi ulipotumbukia kwenye chupa. Chupa zilijaa tisa. Ninsiima akazibandika alama, B-14, akazipanga rafuni na kutoka kwenda kuita dereva. Orpa akabaki nazo. Akagusa ile yenye unywele.

“Kaa apa, mama,” akaiambia. “Nitakuya kukukamata, nikurudishe ku nyumba.”

Alirudi nyumbani na blanketi bichi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu alilala usiku mzima. Laurent aliamka mara mbili kusikiliza kama anapumua.

Ijumaa, siku moja kabla ya wanawake kuja, gari lilimchukua tena. Ninsiima alimpokea mlangoni, uso umechanua, akamketisha mbele ya hadubini. Chini ya kioo kulikuwa na ile karatasi ya mviringo, na juu yake vinyuzi vya kijivu, vimelaliana huku na huku, vingi vya kutisha.

“Laki nne na elfu kumi na mbili! Blanketi moja, kufua moja! Namba moja kwa zote, nyabo. Watu ya ziwa lazima nasikia hii.”

Orpa aliangalia sana. Alisogeza karatasi kwa ncha ya kidole kama alivyofundishwa, kutoka ukingo hadi ukingo, akarudia.

“Na nywele?”

“Nywele gani?”

“Kulikuwa unywele. Minauona na macho yangu, inaingia mu chupa.”

“Aa, hiyo!” Ninsiima alifurahi kuulizwa, kama mwalimu yeyote. “Hiyo tunatoa mbele. Kuna dawa. Tunaweka dawa kwa maji, tunapasha moto siku moja. Dawa nakula kila kitu ya mtu, ya mnyama: nywele, ngozi, jasho, damu. Nabaki plastiki peke yake. Bila hiyo mimi siwezi ona nyuzi, uchafu nafunika.”

“Inakula.”

“Yote. Naisha kabisa.”

Orpa hakuondoa jicho kwenye kioo. Ninsiima akaendelea kidogo kuhusu moto na saa, kisha sauti ikamfifia mdomoni, maana mabega ya huyu mama yalikuwa yametulia mno.

“Mama Orpa. Blanketi ilikuwa ya nani?”

“Ya Doriane.”

“Doriane ni nani?”

Miezi miwili walifanya kazi pamoja, beseni kwa beseni. Miezi miwili dada huyu alijua uzito wa kila shati, na joto la kila maji.

“Mimi njo Mama Doriane,” Orpa alisema. “Rubondo yote banajua.”

Ikabidi amweleze, na akaeleza kwa maneno machache, bila kulia: homa, mfuko, unywele, karatasi ndani ya Biblia. Ninsiima ndiye aliyelia. Alisema bambi, bambi, ndiyo pole ya kwao, akakaa sakafuni na koti lake jeupe, akasema angejua angechuja chupa moja pembeni bila dawa, lilikuwa jambo la dakika tano tu. Na hilo, kati ya yote, ndilo lililomuua Orpa. Dakika tano. Alihisi hasira ya kuvunja chupa zote rafuni, kisha akajihisi mjinga, kisha hakuhisi kitu.

“Na maji?” aliuliza. “Ile ilibakia?”

“Tulimwaga, nyabo.”

Ninsiima akainuka, akaitia karatasi ndani ya kibakuli chake cha kioo na kifuniko, akamnyooshea kwa mikono miwili. Aliahidi, na alitaka walau ahadi itimie. Orpa akakirudisha juu ya meza.

“Hii njo blanketi,” alisema. “Blanketi niko nayo ku nyumba.”

Jumamosi wanawake walikuja mapema, kumi na wawili, na mabeseni yao. Annonciata alipoliona blanketi tayari liko juu ya kamba, kavu, alishika kifua. Alilishusha, akalikunjua, akalipeleka puani, kwanza kwa shaka, kisha akavuta pumzi hadi mwisho.

“Umefua muzuri, Mama Doriane. Hainuke tena mutu!”

Wakampigia vigelegele. Wakafua gauni, sweta, kitenge, wakiimba, na Laurent akasali akimshukuru Mungu kwa kuufungua moyo wa mke wake. Jioni nguo zikaletwa mkekani kugawiwa. Desturi ni kwamba mama mzazi ndiye anayetoa, na kila anapotoa kitu hulitaja jina la mtoto kwa sauti, mara ya mwisho, ndipo mpokeaji anapopokea. Orpa akatoa gauni. “Hii ni ya Doriane.” Akatoa sweta. “Hii ni ya Doriane.” Sauti haikumkatika, na wanawake wakatazamana kwa kuridhika.

Blanketi lilikuwa la mwisho. Lilikwenda kwa binti mdogo wa Annonciata, na Annonciata alipiga goti, mikono mbele. Orpa alilishika. Lilikuwa laini kuliko zamani, na jepesi.

“Hii ni blanketi,” akasema.

Wakangoja. Laurent akamgusa kiwiko. “Sema jina, mama. Hii ni ya nani?”

“Ni blanketi tu,” Orpa alisema, akaliweka mikononi mwa wifi yake, na akaingia ndani kupakua chakula cha wageni.